Risasi Nilizozipaka Mafuta

Vijana wangu, Alhamisi iliyopita kabla ya hii nilikuwa nimekaa nyuma ya uwanja wenu wa shabaha hapa Nizwa, kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, nimejifunika kilemba mpaka puani kwa sababu ya vumbi. Mmoja wenu alisimama mbele ya sahani za chuma, kipima muda kikalia, naye akasita. Labda jasho lilimwingia machoni. Mwenzake akampigia kelele kutoka nyuma, "Usifanye Suleiman!" Mkacheka wote, na mimi nikacheka, maana mdomo wangu umezoea kucheka mahali pale. Baadaye nikamwita yule mpiga kelele nikamuuliza huyo Suleiman ni nani. Akasema hajui, ni msemo tu wa uwanjani. Mtu akiganda kwa woga, basi kafanya Suleiman.

Suleiman ni mtu. Yuko hai, ana wajukuu, na mimi namjua. Jina lake kuwa msemo wa kuchekea waoga ni kazi ya mikono yangu, na ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu, mgongo unaniuma, naandika jambo ambalo ningelisema miaka minane iliyopita.

Mmekuwa mkiniuliza mara kwa mara bastola ipi bora, risasi zipi, na mazoezi ya namna gani. Nitakujibuni. Lakini majibu yangu na kisa cha Suleiman ni kitu kimoja, kwa hiyo nivumilieni. Mzee akishachoka hasimulii kwa mstari ulionyooka.

Mimi nilizaliwa Unguja, nikaja Omani kijana, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa fundi wa silaha wa timu yetu ya kambini, halafu fundi na mwalimu pamoja, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kufundisha. Sikio langu la kulia sasa halisikii adhana, linasikia mluzi tu, mchana na usiku. Wakati wetu tuliziba masikio kwa pamba. Nyinyi mna vile vikombe vya masikioni, na bado nawaona mnavivua ili mpige soga. Vaeni. Sitasema tena.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja wa Dima wa Tayyin, akiitwa Humud, mtu wa milimani asiyejua neno la Kiswahili zaidi ya "pole pole". Alinistaajabisha siku ya kwanza. Akija mpigaji mpya kuchukua bastola, Humud hakumwonyesha bastola. Alimpa mkono. Mnazijua salamu za watu wa huku, hazina haraka. Habari, na watu wa nyumbani, na mvua, na ngamia, halafu lile swali la mwisho, "Shay ulum?", kuna jipya lolote? Na jibu ni moja siku zote, "Ma shay", hakuna. Hata nyumba ikiwa inaungua jibu ni hakuna kwanza, moto utasemwa baada ya kahawa. Muda wote huo Humud alikuwa bado ameushika mkono wa mgeni wake. Salamu zikiisha ameshajua urefu wa vidole vyake, upana wa kiganja, kama anatetemeka, kama ana jasho. Anageuka kabatini, anatoa bastola moja, na mara nyingi ndiyo hiyohiyo mtu alikaa nayo mpaka kustaafu.

Mimi nilipoachiwa ghala sikuwa na subira hiyo. Nilikuta desturi ya kugawa bastola kwa cheo, mkubwa anapata mpya na mdogo anapata iliyobaki, nikaifuata. Bwana mmoja mnene mwenye vidole vifupi alipewa bastola nene ya chuma, nzuri kweli, imeng'arishwa. Kidole chake kilikifikia kifyatulio kwa ncha ya ukucha. Alipiga mwaka mzima kushoto kwa shabaha, na mwaka mzima alilaumu upepo. Uwanja wenyewe uko bondeni, upepo hauingii.

Basi chagueni hivi. Hakikisheni bastola ni tupu, aangalie na mtu wa pili, kisha elekezeni mtutu kwenye ukuta wa mchanga. Ishikeni, fumbeni macho, inueni mikono kama mnavyoinua mnapolenga, fumbueni. Ikiwa kidude cha mbele cha kulengea kimekaa pale macho yalipo, bastola hiyo inakujua. Ikiwa inabidi uuvunje mkono ili kukipata, iache, hata kama bingwa wa dunia anaitumia. Na msidharau kitu kwa sura. Zilipokuja bastola zenye mwili wa plastiki niliwaambia watu wote kuwa hizo ni za kuchezea watoto Sikukuu. Baada ya miaka miwili nusu ya timu ilikuwa nazo, ndizo zilizoshinda, na mimi ndiye niliyekuwa nikizisafisha.

Suleiman alikuja kwetu katikati ya miaka ya tisini. Wazee wake ni watu wa Sharqiyah, hapahapa Omani, waliohamia Kigoma zamani, na yeye alizaliwa huko, akarudi mtu mzima na Kiswahili cha bara na Kiarabu cha kubabaisha. Pale kambini wenye Kiarabu walimwita Mzanzibari, jambo lililotuchekesha sisi wa Unguja, na sisi tulimwita mtu wa bara, jambo ambalo nadhani halikumchekesha yeye. Alikuwa mtaratibu. Akisema "sevis" ya bastola badala ya kusema kusafisha, wenzake wanamwiga, naye anatabasamu na kuendelea na kazi yake.

Mkono wake ulikuwa mrefu na mkavu. Nilimpa bastola yangu mwenyewe, ile niliyopewa na Humud.

Sijapata kufundisha mtu kama yule. Mchezo huu wenu wa shabaha za kukimbia, kituo baada ya kituo, karatasi hapa, sahani ya chuma kule, watu wanadhani ni mbio. Ni mahesabu ya miguu. Suleiman alikuwa akikitembelea kituo bila bastola mara sita, saba, anahesabu hatua kwa midomo, anajua risasi ya ngapi itamkuta wapi na magazini atabadilisha akiwa mguu upi. Robo tatu ya mazoezi yake hayakuwa na risasi hata moja. Kutoa bastola kwenye ala, kulenga, kurudisha. Kukimbia na kidole kimenyooka ubavuni mwa chuma, nje kabisa ya kifyatulio. Mara mia, na mara ya mia na moja polepole kuliko ya kwanza. Nyinyi mnamaliza maboksi manne ya risasi kabla jua halijapanda, halafu mnaniambia mmefanya mazoezi. Mmefanya kelele.

Na kitu kimoja nilimfundisha ambacho naona nyinyi sijawafundisha ipasavyo, kusikiliza. Kila risasi ina sauti yake na teke lake. Ukipiga elfu, mkono unalizoea teke lile. Sasa, bastola ikikwama kwa jambo la kawaida, dawa yake mnaijua, unavuta, unatoa iliyokwama, unaendelea. Lakini ikitokea sauti ndogo, ya kama mtu kuzima mshumaa, na mkono usipate teke, basi huenda baruti haikuwaka na kichwa cha risasi kimesimama katikati ya mtutu. Ukivuta ukapiga nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka mkononi mwako. Hapo ni kusimama, mtutu mbele, kidole nje. Nilimwambia Suleiman maneno hayo labda mara mbili katika miaka yote. Yeye aliyaweka.

Sasa nije kwenye risasi, ambako ndiko aibu yangu iliko.

Mnajua mama zetu walivyokuwa. Vikombe vya kaure viko kabatini, vya maua ya dhahabu, na sisi watoto tunanywea vya bati. Vile ni vya wageni. Nguo nzuri ni ya Sikukuu. Nami nilikulia humo. Ulipokuja mzigo wa risasi nzuri, sawasawa zote, nilizifungia kwenye kabati la chuma nikaandika juu yake "mashindano". Timu ikafanya mazoezi kwa zile hafifu, mchanganyiko wa hapa na pale. Zile za kabatini wenyewe waliziita risasi za Idi. Kosa la kwanza ni hilo. Unamzoesha mtu teke moja mwaka mzima, halafu siku ya siku unampa jingine. Fanyeni mazoezi kwa kile mtakachopigia, hata kama ni kidogo.

Kosa la pili ni ghala. Lilikuwa na paa la bati, na kiyoyozi kilikuwa ofisini kwa karani. Risasi zilikaa humo viangazi vitatu. Tende ndizo zinazoiva kwa joto la Nizwa, baruti haiivi.

Kosa la tatu ndilo ninaloona haya kuliandika. Mimi nina jambia la marehemu baba, na kila mwisho wa Ramadhani nalitoa, nalisugua fedha yake, nalipaka bapa lake mafuta kwa kitambaa, liwe tayari kwa asubuhi ya Idi. Watu wengi wa huku wanafanya hivyo. Mwaka mmoja nikamaliza jambia, nikatazama zile risasi zangu, nikaona zinaanza kufifia rangi. Nikachukua kitambaa kilekile na mafuta yaleyale, nikazipangusa moja moja. Ziling'aa. Nilifanya hivyo kila mwaka, kwa mapenzi kabisa.

Humud aliwahi kuniona. Alikuwa ameshastaafu, amekuja kutusalimia tu. Akachukua moja, akainusa, akanirudishia. Aliniambia kwa Kiarabu chake cha milimani kwamba risasi haipakwi mafuta, kwani ni ndevu? Nikacheka. Nilijiambia mzee ameanza kuchoka. Mafuta yanapenya, vijana. Yanaingia polepole pale nyuma panapogongwa, yanafika kwenye baruti, na kwa nje huoni kitu ila uzuri.

Miaka minane iliyopita palifanyika mchujo wa kuchagua watu watano wa kwenda mashindano ya nje ya nchi, na mchujo wenyewe ulikuwa kwenye uwanja mmoja upande wa Al Qabil, kwenye changarawe nje ya mashamba ya mitende. Suleiman alikuwa amekaribia arubaini. Alijua, na mimi nilijua, kuwa hapatakuwa na mchujo mwingine kwake. Wiki moja kabla alinifungulia moyo wake, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Aliniambia hajali kurudi na kikombe. Alitaka ile fulana yenye bendera kifuani na jina la mtu mgongoni, aivae siku moja mbele ya wale wanaomuuliza kila mara kwao ni wapi.

Nilimpa risasi za Idi. Nilimpa zilizong'aa zaidi.

Mpaka kituo cha mwisho alikuwa wa tatu. Kituo chenyewe kilikuwa na meza, ukuta wa mbao, na sahani sita za chuma zinazotakiwa zianguke zote. Akaangusha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikatoka sauti ndogo. Mimi nilikuwa nyuma ya kamba, sikio langu hili, sikusikia kitu. Niliona tu sahani imesimama na mtu wangu amesimama. Nikaona saa inakwenda. Mwalimu haruhusiwi kusema kitu wakati huo, nami nilipaza sauti mbele ya watu wote.

"Vuta! Piga! Suleiman, piga!"

Hakuvuta. Alisimama na mtutu mbele, kidole nje, akainua mkono wa kushoto kwa msimamizi. Saa ikaendelea mpaka msimamizi akaisimamisha. Bastola ikatolewa risasi, ikaonyeshwa ni tupu, nikakabidhiwa mimi fundi. Mtu akasema kwa Kiarabu kuwa jamaa kaganda. Garini tukirudi, dereva wetu alikosea njia akasitasita kwenye mzunguko, mwenzake akamwambia asifanye Suleiman. Suleiman alikuwa kiti cha nyuma. Nilikuwa karibu naye na bastola ilikuwa mapajani mwangu ndani ya sanduku lake.

Nilipofika karakana baada ya alasiri nilitia ufito wa shaba mtutuni, ukaenda nusu, ukagota. Nikaketi kwanza. Kisha nikagonga kwa nyundo ya mbao, taratibu, na kichwa cha risasi kikaangukia mezani. Nikazikata zilizobaki kwenye magazini, mbili zilikuwa na baruti iliyoshikana kama ugali wa jana.

Kesho yake bwana mkubwa wa timu alinipigia simu. Alikuwa muungwana, naye alimpenda Suleiman, alikuwa akitafuta sababu ya kumwingiza. Akaniuliza swali moja tu, lililoharibika ni bastola au ni mtu?

"Bastola nzima, bwana," nikamwambia.

Wala sikusema uongo. Wakati ule ilikuwa nzima, nilikuwa nimeshaitengeneza. Akashusha pumzi, akasema basi, khalas, akaandika watu wake watano. Zile risasi nilizitoa kimyakimya kwa wahusika wa kuziharibu, nikaandika kwamba zimepitwa na muda. Suleiman aliomba uhamisho mwaka uleule. Hakuniuliza kitu, nami niliogopa mtu asiyeuliza kuliko ambavyo ningeogopa mtu wa kelele. Kile kichwa cha risasi nilikitia ndani ya kopo la dawa ya macho, na kimehama nami nyumba mbili.

Basi baada ya kusikia kelele zenu siku ile, Jumamosi yake nilikwenda Ibra. Suleiman ana duka la kushona viti vya magari, nyuma ya soko. Amenenepa kidogo, miwani ameipandisha kichwani, mikono ni ileile. Akaniona mlangoni akaacha cherehani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

Alinikalisha kwenye kiti cha gari asichokuwa amemaliza kukishona, akaleta tende na kahawa. Tukaulizana watu wa nyumbani, na mvua, na miguu yangu. Halafu akaniuliza lile swali la mwisho, kuna jipya lolote? Nimelijibu swali hilo maisha yangu yote, kwa lugha mbili, na jibu ni hakuna. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kulisema.

Nikamwambia, "Lipo." Nikatoa lile kopo, nikammwagia kile kichwa cha risasi kiganjani.

Nilimweleza yote, kabati, mafuta, Humud, ufito wa shaba, simu. Alikigeuza kwa kidole muda wote. Nilipomaliza, nje mtu alikuwa akipiga honi ya gari kuuliza kiti chake.

"Nilijua kimo mtutuni," alisema. "Nilikisikia. Nilidhani utakiona siku ileile, useme."

Nikamwomba radhi. Nililia, siwafichi, nimezeeka na machozi yangu hayana breki tena. Akaniachia nimalize. Kisha akaniambia kilichomchoma hakikuwa safari, wala fulana, ijapokuwa fulana aliililia. Alisema, "Kila ulichoniambia miaka yote nilikifanya, Maalim. Siku ile ukaniambia piga. Na mimi sauti yako naijua. Nilisimama pale najiuliza, nimtii yupi, wewe uliyeko nyuma yangu au wewe uliyenifundisha?"

Nilimuuliza kama amenisamehe, akasema nimpe muda, kwani mimi nilichukua miaka minane na yeye ana haki ya wiki mbili tatu. Akanijazia kahawa tena. Nilipoondoka alikiweka kile kichwa cha risasi kwenye kijisahani cha vifungo, pembeni ya cherehani.

Bwana mkubwa wa timu nimemwandikia barua. Ameshastaafu naye, hakuna anachoweza kubadilisha, lakini ajue. Na nyinyi nimewaandikia hii. Nimemwomba Suleiman aje uwanjani kwenu Alhamisi moja, hakukubali na hakukataa. Akija mtamjua kwa mikono. Mwamkieni, mpeni kile kiti changu, na mwulizeni namna ya kuhesabu hatua, maana mimi nilijifunza kwake.

Mimi nitaendelea kukaa nyuma yenu na kupiga kelele, ndiyo tabia yangu, na sikio langu halitapona. Siku mkisikia ile sauti ndogo nami nikawa napaza sauti kuwa pigeni, msinisikilize. Fanyeni Suleiman.